Mkunga Atapita Wapi Tukiziba Mto?



Hapa Kizingo tumezoea kutazama meli zikiingia Kilindini. Mlango huo huo wa bahari ndiko yanakotokea maji ya mto Mwache, kutoka Kwale. Bwawa la Mwache limekusudiwa kuleta maji hadi Mombasa, na sisi wenye mifereji mikavu hatuna ubavu wa kulipinga. Ila vikundi vilivyo kandokando ya mito vina haki ya kuuliza: samaki watapita wapi?

Tuchukue mkunga wa mtoni, yule wa Tana na Sabaki. Huyu hazai mtoni. Wakubwa huteremka hadi bahari kuu, upande wa mashariki ya Madagaska, wakazaa huko na kufa. Watoto huletwa na mikondo mpaka pwani yetu, wembamba kama sindano, kisha hunusa maji matamu na kupanda mto.

Kwenye Tana, kati ya 1968 na 1988, yalijengwa mabwawa 5 ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Ukuta wenyewe ni taabu, lakini mwendo wa maji nao una mambo yake. Samaki anayepanda hufuata mkondo wenye nguvu. Basi atajazana penye maji yanayotoka kwenye mashine, hata kama njia yake imewekwa upande mwingine. Mkondo ukizidi anachoka na kurudishwa nyuma. Ukikatika, hajui pa kuelekea.

Halafu kuna joto. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Yakiwa baridi, misuli hulegea. Yakiwa moto sana, hewa iliyomo hupungua naye hutweta. Maji yafunguliwayo kutoka chini kabisa ya bwawa mara nyingi huwa na ubaridi na hewa haba kuliko ya juu.

Sasa jamani, vile vizuizi vidogo tunavyojenga kwa harambee? Mkunga mchanga haruki, hutambaa, na dawa yake si ghali. Ubavuni pa ukuta, karibu na pale maji yanapomwagika, tengenezeni mteremko wa zege lenye vijiwe vilivyojitokeza. Upitisheni maji kidogo tu, ya kulowesha, hasa usiku.

Wakubwa wanaorudi baharini ni shauri jingine. Huteremka na mafuriko, na kwa urefu wao mashine za umeme huwakatakata. Hapo hutakiwa wavu mbele ya mashine na mlango wa pembeni. Haya yaulizeni barazani mapema, wakati ramani bado iko mezani. Zege likishakauka, kulitoboa ni gharama nyingine.