Fumbo la Mwimbaji na Jibu la Wasikilizaji

Katika nchi za Waswahili wimbo haukuwa kamwe mali ya mwimbaji peke yake. Mtungaji huutunga, mwimbaji huutoa, na msikilizaji huukamilisha kwa kuupa maana. Methali isemayo, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua," yaonyesha kuwa fumbo lisilopata wa kulifumbua halijafika mwisho wake. Kwa hiyo mwimbaji asemapo juu ya siasa, haitoshi kuyachunguza maneno yake; yapasa kuchunguza pia nafasi aliyowaachia wasikilizaji ya kumjibu. Mifano michache ya Tanzania yatosha kulidhihirisha jambo hili.

Jibu lililo wazi kuliko yote ni desturi ya kutunza katika taarabu. Mwanamke aliyeketi ukumbini asikiapo ubeti umfaao, huinuka, huenda mbele kwa maringo, na kumtunza mwimbaji fedha. Mtungaji hakumtaja mtu. Bali kwa kule kuinuka kwake mtunzaji amekwisha kuutia wimbo jina, na hasimu wake ajua kuwa ndiye asemwaye. Maneno ni ya mtungaji, lakini shabaha ni ya mtunzaji.

Hata hivyo si kweli kwamba waimbaji wa zamani walisema kwa mafumbo tu. Siti binti Saadi, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928 na ambaye alifariki mwaka 1950, aliyaimba mambo ya mji waziwazi. Wimbo wake mmoja mashuhuri wamtaja Kijiti kwa jina lake: mtu aliyemwua mwanamke, akatorokea Bara, na hali wanawake waliojitokeza kushitaki ndio waliotiwa gerezani. Hapo hapakuwa na fumbo, na bado wimbo ulipendwa. Siti alisimama upande wa wale ambao mahakama haikuwasikiliza, akawaachia wasikilizaji hukumu ambayo hakimu hakuitoa. Basi tofauti kubwa si kati ya kuficha na kutaja; ni kati ya wimbo uachao nafasi ya kujibiwa na wimbo usioiacha.

Redio za watu binafsi ziliporuhusiwa katika miaka ya 1990, vijana wa muziki wa kizazi kipya walipata mlango wa kupitia. Mwaka 2001 Joseph Haule, ajulikanaye kwa jina la Profesa Jay, aliutoa wimbo wa Ndiyo Mzee. Ndani yake mgombea humwaga ahadi zisizowezekana, na umati humwitikia kwa maneno hayo mawili. Itikio hilo lastahili kuangaliwa. Kwa sura ni maneno ya heshima, ya mdogo kwa mkubwa. Kwa maana ni dhihaka. Na wadhihakiwao ni wawili: aahidiye na waitikiao. Kila aliyeufuatisha wimbo huo redioni alijikuta yumo katika umati ule ule anaoucheka.

Wimbo wa Nay wa Mitego wa mwaka 2017, Wapo, waonyesha ustadi wa namna hiyo kwa neno moja tu. Kisarufi hapo pana kiambishi cha nafsi ya tatu katika wingi, wa-, na -po ya mahali. Watu wametajwa kuwa wako, lakini nomino haipo. Msikilizaji ndiye aitiaye. Mwishoni mwa Machi polisi walimkamata mwimbaji, na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga wimbo marufuku: kwao nomino iliyokosekana ilikuwa ni Serikali. Mara waziri aliyehusika na sanaa akatangaza kuwa Rais Magufuli ameupenda wimbo, kwamba mwimbaji aachiliwe, na kwamba anashauriwa kuongeza waovu wengine, kama vile wakwepa kodi. Rais naye aliijaza nafasi ile ile, kwa watu aliowataka yeye. Fumbo halikumkinga mwimbaji na pingu, ila lilimwachia mtawala mlango wa kutokea. Hatari yenyewe haikuondoka: siku chache baadaye, mwezi wa Aprili, Roma, mwimbaji mwingine mkosoaji, alitekwa na watu wasiojulikana mjini Dar es Salaam, na siku kadhaa zikapita kabla hajaonekana tena.

Mambo hugeuka mwimbaji aingiapo katika chama au amwimbiapo mgombea. Mwaka 2015 Haule alichaguliwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA. Aliyeucheka umati sasa aliuomba kura, na mwaka 2020 akakosa. Mwaka huo huo wa 2020 Diamond Platnumz alimwimbia Rais Magufuli katika kampeni za CCM. Mwaka uliofuata, alipoteuliwa kushindania tuzo ya BET ya Marekani, maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kutaka jina lake liondolewe, wakimlaumu kwa kuuunga mkono utawala walioushutumu kwa kukandamiza haki. Wengine walimtetea kwa kuwa ni Mtanzania mwenzao. Jina halikuondolewa, wala tuzo hakuipata. Ugomvi huo haukuwa juu ya uzuri wa sauti yake. Ulikuwa juu ya neno "wetu", na nani ana haki ya kulitamka.

Wimbo wa kampeni huja na jibu lake. Msikilizaji hasalii na la kufumbua. Ama akubali, ama aondoke. Basi hasira ya mashabiki si ushahidi kuwa hawataki mwimbaji aseme siasa, bali kuwa wamezoea kushiriki katika kuisema. Wala fumbo lisitukuzwe kupita kiasi, kwani mara nyingine ni sanaa, na mara nyingine ni hofu iliyovaa nguo za sanaa. Kuzitenga hizo mbili hakuwezekani kwa maneno peke yake. Mkusanyaji wa nyimbo hana budi kuandika, pamoja na beti, ni nani aliyeinuka, kwa ubeti gani, na ni nani aliyebaki ameketi. Pasipo hayo atakuwa amehifadhi nusu ya wimbo.