Usianze na New York: Vile Utaskizisha Mbogi ya Quitunda Jazz

Maze, kuna wasee wameharibia jazz jina kuliko hata wale wanaichukia. Unawajua. Unauliza tu, "Hii ngoma ni ya nani?" na msee anavaa sura ya mwalimu wa fizikia. Anakubongesha kuhusu kodi na skeli, anataja studio, anataja mwaka, alafu anamaliza na ile laini yao: jazz si ya kila mtu, lazima ukomae kwanza. Solo ya kwanza haijaisha na ushaanza kutafuta viatu.

Sasa jaribu hiyo stailo Quitunda.

Kwa wale hawako rada, Quitunda iko rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, huko juu kabisa Mozambiki karibu na mto Ruvuma, mpakani na Tanzania. Ni mtaa ulijengwa sababu ya mradi wa gesi. Familia zilitolewa vijiji ka Quitupo ndio mradi upate nafasi, na za kwanza zikaanza kuingia 2019. Nyumba zimepangwa laini, moja ni pacha ya ingine. Alafu Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa, na maelfu ya watu wakakimbilia hapo na nguo walizovaa. Hao ni watu wameona mambo. Hakuna mtu hapo anangoja morio wa Nairobi aje kumshow vile atakomaa.

Na usidhani utapata maskio tupu. Bongo Fleva ilivuka Ruvuma kitambo, na haikuulizwa pasi. Mamathe wa pwani wako na densi yao ya tufo, Wamakonde wako na ngoma yao ya vinyago, mapiko. So rada yangu ni moja tu: anzia kwa kitu maskio ya mtu inajua tayari, na neno jazz ulifiche mpaka mtu akuulize mwenyewe.

Mimi ningeanza na wazee, si vijana. Wengi hudhani ni kinyume. Lakini cheki historia. Hapo Dar ni karibu sana kuliko Maputo. Watu wa kaskazini walikuwa wanavuka kwenda kukata mkonge Tanganyika hata kabla ya uhuru, na vita ya uhuru ya 1964 hadi 1974 ikavusha wengine kibao. FRELIMO yenyewe, wale walipigana hiyo vita, ilizaliwa Dar, tarehe 25 Juni 1962. Na redio ya Dar ya hiyo enzi ilikuwa inachapa nini? NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, hao wenye walifika hadi Osaka kwa maonyesho ya 1970. Kwa hivyo salimia mzee vizuri, kaa chini, washa Mbaraka na unyamaze. Ka alipitia upande ule miaka hiyo, kuna uwezekano mkubwa wewe ndio utafunzwa. Atakuambia ni nani alikuwa anapiga saksafoni na mwenye alihamia bendi gani.

Wajuaji watateta ati hiyo ni dansi, ni rumba, jazz ni jina tu. Sawa, wako na pointi. Lakini mtu mwenye ashazoea gitaa ya solo ikitoka nyumbani, izurure mtaa mzima, alafu irudi kwa mlango ule ule, amebakisha nini cha kushangaa?

Vijana nao utawanasa na Manu Dibango wa Kameruni. "Soul Makossa" ya 1972 wanaijua na hawajui ka wanaijua, juu Michael Jackson aliichota, na Rihanna akaichota 2007. Wakishacheka na kubishana nani alimwibia nani, wape album ya "M&M" ya 2017, Dibango na Moreira Chonguiça. Huyo Moreira ni mpiga saksafoni wa kwao, Mozambiki. Ukitoka hapo, nenda kwa Jimmy Dludlu, gitaa safi, mtoto wa Chamanculo, Maputo. Msee wa Palma akiskia huyu wa kwenye spika ni Mmozambiki, anasonga karibu kidogo.

Hapo ndio swali linakuja, na litakuja tu: "Sasa huyu ataimba saa ngapi?"

Usicheke. Ni swali la haki. Mtu amezoea ngoma iko na maneno, na wewe umemletea dakika saba za tarumbeta. Mi singejibu na lekcha. Ningemwambia awache tarumbeta kwanza, afuate drums peke yake, vile anafuatanga mapiko. Kwa mapiko, lipiko anaingia na kinyago chake, na wapigaji wanamfuata miguu: akitetema wanatetema, akikata wanakata, na ile kusimama pamoja ghafla ndio inafanya umati upige kelele. Vile vinganga, zile ngoma ndogo, vinapiga juu kwa juu bila kuchoka, ngoma kubwa zinabonga na mchezaji. Mtu amekulia hapo anajua kuskiza mabishano yasiyo na maneno. Chapa Art Blakey, mpiga drums, "Moanin'" ya 1958. Piano inasema, mapembe yanaitikia. Inasema tena, yanaitikia. Hiyo kuitikana nani hajawahi kuiskia pwani? Na adhana ikianza, zima spika. Ngoma itangoja.

Kwa hii maneno Ricardo Rangel ndio naheshimu, yule mpiga picha mkubwa wa Maputo, aliyetuacha 2009. Alipenda jazz hadi akafungua kafe yake, na hakuificha hotelini kwa wadosi. Aliiweka steshini ya treni, mahali watu wanapita na mizigo yao. Ukitaka uskize, ukae. Hutaki, treni ni ile.

Kuna mtego mmoja umeshika wengi wetu wa Kiswahili: album ya Herbie Hancock ya 1971, "Mwandishi". Bendi nzima ilichukua majina ya kwetu. Hancock mwenyewe ni Mwandishi, Eddie Henderson ni Mganga, na Julian Priester, wa trombone, ni Pepo Mtoto. Ukisomea mbogi hayo majina watadedi na kicheko, na ni haki yao. Lakini usiwape hiyo album wiki ya kwanza! Ngoma moja pekee inapita dakika ishirini, na kuna mahali hata mimi sijui niko wapi. Soma majina, chekeni, rudisha mfukoni.

Coltrane pia si wa kukimbilia. Lakini siku mtu atakuja mwenyewe akuulize, "Mano, uko na ingine ka ile?" mpe "Tanganyika Strut", Coltrane na Wilbur Harden, 1958, kabla Tanganyika ipate bendera yake. Alafu mwambie hao wasee walikuwa wanabonga kuhusu ng'ambo ya ule mto wa hapo juu. Si ajabu atauliza ka waliwahi kufika.