Udongo wa pemba: Hamu inayoashiria upungufu wa damu, si dawa yake

Masasi/Newala

KULA udongo wakati wa ujauzito ni desturi ya siku nyingi katika maeneo mengi ya Tanzania. Udongo huo, maarufu kwa jina la pemba, huuzwa sokoni kwa bei ndogo pamoja na viungo na dawa za mitishamba. Wapo wanaoutumia kupunguza kichefuchefu, na wapo wanaoamini kwamba unaongeza damu. Kwa mjamzito wa Masasi au Newala, ambako malaria na minyoo ni miongoni mwa visababishi vya upungufu wa damu, imani hiyo ya pili inahitaji kuangaliwa kwa makini.

Manufaa yanayotajwa

Imani hiyo ina chanzo chake. Udongo wa mfinyanzi una uwezo wa kunasa baadhi ya sumu na kutuliza utumbo. Ndiyo maana kaolini, ambayo ni aina ya udongo mweupe uliosafishwa, imewahi kutumika katika dawa za kuhara. Aidha, rangi nyekundu ya udongo hutokana na madini ya chuma, na mwili huhitaji madini hayo kutengeneza damu.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya chuma kilichomo katika udongo haiyeyuki kwa urahisi tumboni, hivyo mwili hupata kidogo sana. Uwezo ule ule wa kunasa sumu huweza pia kunasa chuma kilichomo katika chakula au kidonge na kukitoa kama kinyesi. Matokeo yake, mama anaweza kuamini kuwa anaongeza damu ilhali anaipunguza.

Madhara yake

Hatari ya kwanza ni metali nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wajawazito 340 katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Geita, ulionesha kuwa karibu nusu yao walikula udongo, na sampuli za udongo huo zilikutwa na elementi zikiwamo aseniki. Risasi huzuia utengenezaji wa damu, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na huathiri ukuaji wa ubongo wake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Tatizo hili haliishii kwenye pemba. Nchini Marekani, uchunguzi wa bidhaa 193 za tiba ya Kihindi ya Ayurveda zilizouzwa kupitia intaneti, uliochapishwa mwaka 2008, ulibaini kuwa takribani bidhaa moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kuwa cha asili hakukifanyi kitu kuwa salama.

Hatari ya pili ni mayai ya minyoo, hasa udongo ukichimbwa karibu na makazi. Kuuchoma udongo kwa moto mkali huweza kuua mayai hayo, lakini hakuondoi risasi. Walaji wengi hupata pia choo kigumu na meno kusagika.

Nini kifanyike

Hamu kubwa ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Kwa hiyo haipaswi kuonewa aibu, bali kuelezwa kwa mhudumu wa kliniki ili kipimo cha damu kifanyike. Mjamzito mwenye kiwango cha chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu. Mama wa namna hiyo akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, maisha yake huwa hatarini kuliko ya mwenye damu ya kutosha.

Kliniki ya wajawazito hutoa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, dawa za minyoo na dozi za SP za kuzuia malaria. Vidonge vya chuma huweza kuleta kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi. Dalili hizo ni za kawaida, na kumeza kidonge baada ya chakula au wakati wa kulala hupunguza kichefuchefu. Kisimezwe pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa.

Chakula cha nyumbani nacho husaidia. Mbaazi, kunde, kisamvu, dagaa na nyama vina chuma. Katika msimu wa korosho, mabibo yenye vitamini C nyingi husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo katika mboga na kunde, yakiliwa pamoja na mlo.

Anayetaka kutumia dawa ya asili ya kuongeza damu, iwe ya mizizi au ya unga wa madini, aulize kwanza iwapo imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na amweleze mhudumu wa afya kabla ya kuitumia. Mjamzito anayekula pemba anashauriwa kuiacha na kwenda kupima damu katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye.