KISUKARI CHA UKOO: HASA UNARITHI NINI?

Ukigusia kisukari kijiweni utasikia kauli mbili. Mmoja atasema: "Kwetu ni cha ukoo, babu alikuwa nacho, mzee anacho, na mimi kitanifikia tu, acha nijilie raha zangu." Mwingine atajibu: "Kwetu hakuna, hainihusu." Wote wawili wamepotea, na leo tuone kwa nini.

Kwanza jeni ni nini? Ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli zako, nusu umepewa na baba, nusu na mama. Ndiyo yanayoongoza kongosho litoe insulini kiasi gani, na mwili uitikie vipi. Insulini kazi yake ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli ili upate nguvu. Insulini ikiwa haba, au mwili ukiwa hauisikii, sukari inarundikana kwenye damu. Hicho ndo kisukari.

Sasa kisukari siyo kimoja. Aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, inatokea pale kinga ya mwili inapozishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Zipo jeni zinazochangia, hasa za kundi linaloitwa HLA, lakini wengi wanaokipata hawana mzazi wala ndugu mwenye nacho. Kwa hiyo yule wa "kwetu hakuna" asijidanganye. Na huyu mgonjwa hawezi kuishi bila insulini. Anayemwambia aiache akanywe mizizi anamuua.

Aina ya pili ndiyo iliyotapakaa, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Watu wanadhani hii ni ya walaji tu na haina urithi. Kumbe urithi wake una nguvu kuliko wa aina ya kwanza! Makadirio yanayotumika sana ni haya: mzazi mmoja akiwa nacho, uwezekano wa mtoto kukipata maishani ni kama asilimia 40. Wakiwa nacho wote wawili, unafika karibu asilimia 70. Ila kumbuka, siyo jeni peke yake. Nyumbani tunarithishana na sufuria pia: chai ile ile ya sukari nyingi, wali ule ule, kukaa kule kule.

Mtu atauliza, basi si waitafute hiyo jeni ya kisukari waitoe? Tatizo haipo moja. Mwaka 2006 watafiti wa Iceland walitangaza jeni inayoitwa TCF7L2. Mwenye nakala moja ya ile aina mbaya hatari yake inapanda kwa kama asilimia 40, mwenye mbili inakuwa mara mbili hivi. Na hiyo ndiyo mojawapo ya zile zenye nguvu sana! Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2024, wa watu zaidi ya milioni 2.5, ulihesabu sehemu 611 kwenye vinasaba zinazohusika, nyingi zikichangia kidogo kidogo. Afrika nako kumetafutwa: mwaka 2019 utafiti uliofanywa Nigeria, Ghana na Kenya kwa watu 5,231 uliibua jeni nyingine, ZRANB3. Ipo pia aina adimu ya kisukari inayotokana na jeni moja tu, ambapo mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuirithi, lakini ni wachache.

Sasa sikilizeni kisa cha Wapima, wenyeji wa asili wa Amerika. Kabila moja, damu moja, ila wengine wako Arizona, Marekani, na wengine milimani Meksiko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa kule Arizona asilimia 38 ya watu wazima walikuwa na kisukari. Meksiko, asilimia 6.9. Wa Meksiko walikuwa bado wanalima kwa nguvu zao na kula vya shambani. Hapo jeni zimebadilika? Kilichobadilika ni maisha. Fikiria na kwetu: jeni za bibi ndizo tulizo nazo, ila bibi hakushushia chipsi na soda kisha akapanda bodaboda kwenda mtaa wa pili.

Na kwa yule wa "kitanifikia tu": Marekani waliwafuatilia watu 3,234 ambao sukari yao ilishaanza kupanda. Waliosaidiwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Hayo yalitoka mwaka 2002. Mwaka 2006 wakaangalia jeni zao, wakakuta hata wenye nakala mbili mbaya za TCF7L2 walifaidika na mabadiliko hayo. Yaani unachorithi ni mlango ulioegeshwa. Kuusukuma au kuuzuia, sehemu kubwa iko mikononi mwako.

Kwa hiyo kama nyumbani yupo mwenye kisukari, nenda kapime asubuhi kabla hujala kitu. Ikisoma 6.1 hadi 6.9 hilo ni onyo, anza kubadilika sasa. Ikifika 7.0 au zaidi na kipimo cha pili kikathibitisha, una kisukari, fuata daktari. Ukiwa na kiu isiyoisha, kukojoa kila mara na kukonda bila sababu, usingoje hata asubuhi. Wengi wanakuja kujua macho, figo au miguu imeshaharibika, na ukoo unabaki kusema "ndivyo ilivyoandikwa." Haikuandikwa hivyo.

Je, kwenu kuna mwenye nacho? Na wewe umeshapima? Karibuni kwenye maoni hapo chini.