Hewa Nyepesi ya Machakos na Injini za Magari Madogo ya Kasi

Mjadala kuhusu injini zenye turbo na zisizo na turbo katika magari madogo ya kasi kwa kawaida huendeshwa kwa takwimu za vitabu vya watengenezaji, na takwimu hizo hutolewa kwa kuchukulia hewa inayokaribiana na ile ya usawa wa bahari. Mji wa Machakos, ulio chini ya vilima vya Iveti, umekaa kwenye kimo cha takriban mita 1,600, na gari linalonunuliwa na mkazi wake litaishi maisha yake likivuta hewa tofauti kabisa na ile iliyotumiwa kuandika sifa zake. Kimo hicho hakitajwi sana katika yadi za magari, ingawa ndicho kinachoamua, kuliko kitu kingine chochote, injini ipi itamfaa mnunuzi wa nyanda za juu na ipi itamwacha akijiuliza nguvu alizoahidiwa zimekwenda wapi.

Injini ya petroli huhitaji hewa nyingi kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa kilo moja ya petroli huungua vizuri ikichanganywa na kilo 14.7 hivi za hewa. Katika injini isiyo na turbo hakuna kifaa kinachoisukuma hewa hiyo ndani. Pistoni inaposhuka huacha nafasi tupu ndani ya silinda, na uzito wa anga lenyewe ndio unaoijaza nafasi hiyo kupitia vali zilizofunguka. Mombasa, anga hukandamiza kwa takriban kilopaskali 101, lakini Machakos kanieneo hiyo hushuka hadi kati ya kilopaskali 83 na 84, na hewa inayoingia kwenye silinda hupungua uzito kwa karibu asilimia 15. Hewa ikipungua, petroli inayoweza kuungua nayo hupungua, na nguvu hupungua kwa kiwango kicho hicho, hata kama injini ni mpya, plagi ni safi na fundi ni hodari. Upungufu huo hautibiwi kwa kubadilisha kichujio wala kwa kununua petroli ya bei ghali, na wako wamiliki waliotumia fedha nyingi katika gereji wakitafuta ugonjwa ambao haukuwamo ndani ya gari.

Turbo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini yenyewe. Moshi unaotoka kwenye silinda ungali na joto na kasi kubwa, na badala ya kuachwa upotee moja kwa moja kwenye bomba la ekzosi, hupitishwa kwanza kwenye gurudumu dogo lenye mapezi liitwalo turbini. Turbini hiyo imeunganishwa kwa mhimili mmoja na gurudumu la pili, yaani kompresa, linalovuta hewa safi na kuishindilia kuelekea kwenye silinda. Katika magari madogo mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika. Kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na hewa moto huwa nyepesi tena, hupitishwa kwenye kipoza hewa kinachofanana na rejeta kabla ya kuingia kwenye injini, na iwapo shinikizo litazidi kiasi kilichopangwa, mlango mdogo hufunguka ili sehemu ya moshi ipite kando ya turbini.

Hati miliki ya wazo hilo ilitolewa mwaka 1905 kwa Mswisi Alfred Büchi, na inafaa kukumbukwa kwamba miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kushinda kimo, kwani ndege zilipopanda juu injini zake zilikosa hewa. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak katika jimbo la Colorado, Marekani, kwenye kimo cha takriban mita 4,300, akathibitisha kwamba turbo huweza kuirudishia injini nguvu ambazo mlima umeinyang'anya. Magari madogo ya kasi yalikuja kuirithi teknolojia hiyo baadaye sana, na anayeishi nyanda za juu za Kenya ana haki ya kuitazama turbo kwa jicho la Moss, kama kifaa cha kurejesha kilichopotea kabla ya kuwa kifaa cha kuongeza mbio.

Hata hivyo turbo haifanyi kazi hiyo bure. Ili kufikia kilopaskali 200 ndani ya bomba la kuingizia hewa, kompresa iliyoko Mombasa huhitaji kuizidisha kanieneo ya anga mara mbili hivi, ilhali iliyoko Machakos huhitaji kuizidisha karibu mara 2.4; kwa sababu hiyo mhimili huzunguka kwa kasi zaidi, hewa hupata joto zaidi, na kipoza hewa hubeba mzigo mkubwa zaidi. Tena, kabla turbini haijapata moshi wa kutosha kuizungusha, gari lenye turbo huwa ni gari lisilo na turbo lenye injini ndogo na mgandamizo mdogo, na katika hewa nyepesi unyonge huo wa mwanzo huonekana wazi zaidi. Dereva anayekanyaga mafuta akitoka kwenye tuta husubiri kidogo, kisha nguvu humjia kwa mkupuo. Turbo ndogo za kisasa zimekifupisha kisubirio hicho sana, lakini turbo kubwa zilizofungwa kienyeji kwa ajili ya majigambo hukirefusha, na wanaozifunga mara nyingi hupata gari lisilo na raha mjini wala barabarani.

Historia ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, inaonyesha jinsi ushindi wa turbo ulivyokuja polepole katika ardhi hii. Shekhar Mehta wa Kenya alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa magari ya Datsun na Nissan yasiyo na turbo, na mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel Ascona 400, nayo haikuwa na turbo, ingawa Audi zenye turbo zilikuwa zimekwisha kufika. Vumbi, joto na umbali vilizitesa turbo za wakati huo, na timu nyingi ziliona ni heri kupoteza nguvu kidogo kuliko kupoteza gari porini. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye turbo, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda kwa Toyota Celica yenye turbo na inayovuta kwa magurudumu yote manne. Toyota GR Yaris, iliyotolewa mwaka 2020 ikiwa na injini ya silinda tatu, ya cc 1,618 na nguvu farasi 272 kwa soko la Japani, ni mtoto wa ukoo huo wa rali.

Kwa mnunuzi wa kawaida, mfano ulio bora zaidi ni Suzuki Swift Sport, kwa kuwa gari hilo hilo limetengenezwa kwa namna zote mbili. Kizazi kilichotoka kabla ya 2017 kilikuwa na injini isiyo na turbo ya cc 1,586, iliyotoa nguvu farasi 136 kwenye mizunguko 6,900 kwa dakika, na nguvu ya kusokota, yaani ile inayolisukuma gari linapopanda au linapoharakisha, ilifikia nyutoni-mita 160 kwenye mizunguko 4,400. Kizazi kilichofuata kina turbo na injini ndogo zaidi ya cc 1,371, nguvu farasi 140 kwenye mizunguko 5,500, lakini nguvu ya kusokota ni nyutoni-mita 230, nayo hupatikana kuanzia mizunguko 2,500 tu. Tofauti ya nguvu farasi nne haina maana, na anayelinganisha kwa kigezo hicho peke yake atasema magari hayo ni sawa. Machakos, gari la kwanza hubaki na nguvu farasi 115 hivi na nyutoni-mita 136, ilhali la pili hulinda sehemu kubwa ya kile kilichoandikwa kitabuni. Dereva aliyekwama nyuma ya lori kwenye mpando wa Salama, akiwa na nafasi fupi ya kulipita, ataiona tofauti hiyo kwa uwazi ambao hakuna karatasi inayoweza kuuonyesha.

Sheria za Kenya nazo zimeegemea upande huo huo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipandisha ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 20 hadi 25 kwa magari ya petroli yenye injini inayozidi cc 1,500, kwa hiyo injini ya cc 1,371 ikawa upande wenye nafuu na ile ya cc 1,586 upande wa pili. Zaidi ya hayo, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka minane, na kwa kuwa watengenezaji wengi wa Japani wamehamia kwenye turbo, magari madogo ya kasi yasiyo na turbo yanapungua bandarini mwaka hadi mwaka. Anayetaka Swift Sport ya kizazi cha zamani sasa hana budi kuinunua kwa Mkenya mwenzake.

Anayeitaka hana sababu ya kuona haya. Injini isiyo na turbo huitikia mguu wa dereva papo hapo na kwa kipimo kile kile anachokanyaga, na kwenye kona za barabara ya kupanda Mutituni utiifu huo una thamani kubwa, kwa kuwa dereva hujua hasa gari litafanya nini katikati ya kona. Kimo nacho huipa zawadi moja: kwa kuwa silinda haijai sana, mgandamizo wa mwisho huwa mdogo, na petroli haielekei kulipuka yenyewe kabla ya wakati, hali ambayo mafundi huitambua kwa sauti ya kugonga. Ndiyo sababu majimbo ya milima ya Marekani, Colorado likiwamo, huuza petroli yenye okteni ndogo kuliko ya majimbo ya mabondeni. Turbo huifuta zawadi hiyo kwa sababu huirudisha hewa yote ndani ya silinda. Japani kuna madaraja mawili ya petroli, la kawaida lenye okteni isiyopungua 89 na la juu lisilopungua 96, na magari mengi ya kasi yenye turbo yalipangwa kwa daraja la juu. Agizo hilo limebandikwa kwa Kijapani ndani ya kifuniko cha tangi, mahali ambapo mnunuzi wa Kenya hulitazama kila anapojaza mafuta bila kulisoma. Kompyuta ya injini husaidia kwa kuchelewesha moto wa plagi inaposikia sauti hiyo ya kugonga, lakini gari lililoongezewa shinikizo na fundi wa mtaani huweza kukosa hata kinga hiyo.

Adui mkubwa wa turbo ni oili iliyochoka. Mhimili wa turbo huelea juu ya utando mwembamba wa oili, karibu na moshi wenye joto linaloweza kupita nyuzi 900, na oili isipobadilishwa kwa wakati huungua, hugeuka masizi na kuziba njia zake. Katika baadhi ya injini za Subaru zenye turbo, za cc 2,000 na 2,500, ambazo vijana wa Kenya wanazipenda mno, kuna wavu mdogo ndani ya boliti ya bomba la oili linalokwenda kwenye turbo. Wavu huo ukiziba, turbo hufa, na vipande vyake huweza kuiua injini nzima. Fundi asiyeujua wavu huo hufunga turbo nyingine iliyotumika kutoka Japani, nayo hufa vile vile. Vumbi la barabara za murami huongeza hatari, kwa sababu kichujio kilichopasuka huruhusu mchanga kuyalamba mapezi ya kompresa.

Ukaguzi wa gari lenye turbo kabla ya kununua hauhitaji mitambo mikubwa. Injini ikiwa baridi, hosi ya kuingizia hewa huvuliwa, na ncha ya mhimili hushikwa kwa vidole viwili: mtikisiko mdogo wa kando ni wa kawaida, lakini mhimili haupaswi kusogea mbele na nyuma, wala mapezi kugusa ukuta. Hosi iliyojaa oili, oili nyeusi nzito kama lami, na mita ya shinikizo iliyoongezwa juu ya dashibodi bila maelezo ni dalili za kuulizwa kwa makini. Kisha gari lipelekwe mpandoni likiwa limepata joto, na barabara ya Kituluni inafaa, mradi jaribio lifanyike kabla ya kufika pale ambapo magari huonekana kana kwamba yanapanda yenyewe, kwa kuwa macho hayawezi kuupima mteremko wa mahali hapo. Juu ya kilima gari liachwe likiunguruma dakika kadhaa bila kuzimwa, kisha likanyagwe ghafla. Moshi wa samawati ukitoka kwenye ekzosi wakati huo, oili inapenya kwenye silinda, na bei ya turbo mpya na kazi ya kuifunga itolewe kwenye bei ya gari kabla ya fedha kubadilisha mikono.