Rekodi za Mjengoni, Zikihesabiwa Kutoka Lundo

Huku Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa, Juni hadi Agosti ni miezi ya kipupwe: mwera unavuma, ziwa linachafuka, jioni watu wanawahi ndani. Marekani miezi hiyohiyo ni kiangazi, na televisheni zao hujaa mashindano ya watu waliofungiwa pamoja na kutolewa mmoja mmoja. Nayapenda mashindano hayo kwa moyo wote. Kubwa kuliko yote kwa Afrika lilikuwa Big Brother Africa, misimu tisa kati ya 2003 na 2014, na rekodi zake bado nazikumbuka kama wengine wanavyokumbuka magoli.

Msimu mrefu kupita yote ni ule wa kwanza: siku 106, kuanzia mwishoni mwa Mei 2003, nchi 12, kila moja na mshiriki wake. Aliyebaki wa mwisho ni Cherise Makubale wa Zambia, akaondoka na dola 100,000, baadaye Nelson Mandela akampokea. Tanzania ilimtuma Mwisho Mwampamba, akafika fainali. Mwisho ana rekodi nyingine ninayoithamini zaidi: mwaka 2010 alirudi kwenye msimu wa nyota waliotangulia, na humohumo mjengoni, ndani ya nyumba ya shindano, kamera zikiwaka, akamchumbia Meryl Shikwambane wa Namibia. Kwangu hakuna tukio tamu kuliko hilo katika misimu yote tisa.

Kelele kubwa kuliko zote zilitoka ng'ambo ya maji yetu. Agosti 2003 Bunge la Malawi lilipiga marufuku matangazo ya shindano hilo, wabunge wakikerwa na picha zisizo na staha, hasa za bafuni. Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Naielewa hasira yao, maana si kila sebule yenye dishi ilikuwa ya watu wazima peke yao. Ila waliotazama bafu tu walikosa kiini cha mchezo: siku ya kutajana majina ya wa kutolewa, mtu anapoingia chumba kidogo na kumweka kikaangoni mwenzake aliyekula naye asubuhi. Malawi iliendelea kutuma washiriki, na haikupata ushindi hata mara moja.

Waliotamba mfululizo ni Wanijeria: Kevin Pam 2009, Uti Nwachukwu 2010, Karen Igho 2011. Karen aligawana ushindi na Wendall Parson wa Zimbabwe, kila mmoja akapata dola 200,000, na hivyo msimu huo ukawa uliowapa washindi fedha nyingi kuliko wowote kwa jumla.

Sasa Tanzania. Richard Bezuidenhout alishinda 2007, Idris Sultan 2014, na wa Idris ndio ulikuwa msimu wa mwisho. Namwita Idris mwenye rekodi nzito kupita wote, na sababu ziko kwenye hesabu. Septemba 2014 moto uliunguza nyumba ya shindano kule Johannesburg, ufunguzi ukasogezwa hadi Oktoba, msimu ukawa siku 63 tu, mfupi kuliko yote. Zawadi ilibaki dola 300,000. Cherise alipata kama dola 940 kwa kila siku aliyokaa ndani; Idris, zaidi ya 4,700. Kijana wa miaka 21, mpiga picha, mcheshi.

Utamu wa ushindi huo uko katika kura. Kura za nchi nzima zilihesabiwa kuwa moja, hivyo mamilioni ya Nijeria yalikuwa na uzito sawa na Namibia, nchi iliyokuwa na watu milioni mbili na kitu, ambayo mwaka 2013 ilimtoa Dillish Mathews, bingwa wa dola 300,000. Kupendwa nyumbani kwenu hakukutosha. Ilibidi wakupende Kampala na Nairobi, watu wasiowahi kusikia jina la kijiji chako. Ndiyo maana namheshimu aliyeshinda shindano hilo kuliko anayeshinda kwa wingi wa ndugu zake.

Lililo karibu zaidi na maisha yetu, hata hivyo, ni Maisha Plus ya Masoud Kipanya, iliyoanza 2009: vijana walipelekwa kijijini, wakateka maji, wakakata kuni, wakalima, nasi tukapiga kura. Baadaye likaungana na Mama Shujaa wa Chakula, shindano la wakulima wanawake lililoanzishwa na Oxfam, na hapo ndipo nilipoona kwenye skrini mikono inayojua jembe kweli. Natamani kijiji cha msimu mmoja kijengwe ufukweni Nyasa, kati ya Lundo na Liuli, washiriki wapewe mtumbwi, karabai na nyavu za dagaa, tuone nani atafika asubuhi.