Mbwa Aruka Viunzi, Mwenyewe Afurahi

Katika nyumba nyingi mbwa anajulikana kwa kazi moja tu, nayo ni kubweka usiku. Mchana hufungwa mnyororo nyuma ya jiko, akatupiwa makombo ya ugali na mifupa, wala hapana amwitaye ila kwa kumkemea. Baada ya miezi kadhaa ya maisha hayo watu wa nyumba hushangaa kwamba amekuwa mkali hata kwa watoto waliomlea. Lakini mbwa ni mnyama wa kazi, na asiyepewa kazi hujitafutia yake mwenyewe: hufukua bustani ya mama, hutafuna viatu vya zamu, huwafukuza wapita njia.

Uko mchezo mmoja unaoweza kumpa mnyama huyo shughuli, na kumpa mwenyewe furaha asiyoitazamia. Ni mchezo wa mbwa kuruka viunzi.

Ulianza Uingereza. Mwezi wa Februari 1978 maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts yalifanywa katika jumba la Olympia mjini London. Kati ya shughuli moja na nyingine ilitakiwa burudani ya kujaza uwanja, watazamaji wasije wakachoka. Bwana John Varley, mmoja wa wanakamati, alikuwa mtu wa mambo ya farasi. Akafikiri kwamba, ikiwa farasi huruka viunzi watu wakashangilia, mbwa naye asiruke kwa nini? Akamwendea Bwana Peter Meanwell, mfundishaji hodari wa mbwa, ambaye alibuni vipingamizi vyenyewe. Vikundi viwili vya mbwa wanne wanne vikashindana mbele ya umati, na jambo lililokusudiwa kupitisha muda tu likawapendeza watu mno. Mwaka 1980 chama cha mbwa cha nchi hiyo, Kennel Club, kiliutungia mchezo kanuni, na mwaka 1996 yakafanywa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia huko Uswisi.

Askari wa vikosi vya mbwa hawataona ajabu kubwa, kwa kuwa mbwa wa polisi hufundishwa kupanda ukuta na kuruka mtaro. Tofauti ni kwamba yule hupanda ukuta akimwandama mhalifu. Huyu hupanda kwa sababu amefurahi.

Uwanjani huwekwa viunzi vya kuruka, handaki la turubai la kupenya, mbao mbili pana zilizoegemeana kama paa la nyumba, daraja la ubao lenye upana wa sentimita 30 tu, na ubao wa kupanda na kushuka kama ule wa pembea ya watoto. Kuna na fito 12 zilizosimamishwa kwa mstari mmoja, kila ufito mbali na mwenziwe kwa sentimita 60, ambazo mbwa hupita katikati yake akijipindapinda kama nyoka majanini. Hapo ndipo mbwa hodari anapotambulikana. Kuruka ni tabia yake, lakini hakuna mbwa aliyezaliwa akijua kupita fito kwa zamu, kushoto na kulia, bila kuacha hata mmoja.

Sehemu za chini za mbao zile hupakwa rangi nyingine, na sharti mbwa aikanyage rangi hiyo kabla ya kushuka. Mtazamaji mgeni aweza kudhani ni ukali wa bure wa waamuzi. Sivyo. Mbwa arukaye kutoka juu kwa pupa huumiza mabega na viungo vyake, na kanuni hiyo inamlinda. Akikosa kukanyaga, au akiangusha ufito wa kiunzi, hutozwa alama tano za makosa. Akikataa vipingamizi mara tatu hutolewa mashindanoni.

Mwenye mbwa hukimbia kando yake, wala haruhusiwi kumgusa. Hana kamba mkononi, hana fimbo. Ana sauti yake, mikono yake, na jinsi anavyogeuza mabega na miguu. Mbwa huyasoma hayo yote upesi kuliko maneno. Bwana akisita, mbwa husita. Bwana akielekeza mguu upande usiofaa, mbwa huingia handaki lisilo lake, na kosa hilo si la mbwa. Ndiyo maana wakimbiaji hupewa nafasi ya kuutembea uwanja bila mbwa kabla ya mchezo, wakikariri njia.

Waganda wanaelewa vema utamu wa viunzi tangu mwaka 1972, mtu wa polisi yao, John Akii-Bua, alipokimbia mita 400 mjini Munich kwa sekunde 47.82 na kupata nishani ya dhahabu. Kwa mbwa, hata hivyo, hapahitajiwi uwanja wa Olimpiki. Ufito mmoja juu ya matofali mawili, usiopita kimo cha vifundo vya miguu yake, unatosha kuanzia. Apitapo juu yake asifiwe papo hapo na kupewa kipande kidogo cha nyama. Asipopita asipigwe, bali ufito ushushwe. Sauti ya gwaride haifai hapa: mbwa aliyeogopa huenda akatii, lakini hakimbii.

Ubao wa pembea ndio unaodai subira kuliko vyote. Ukianguka kwa kishindo mara moja tu chini ya miguu ya mbwa mwoga, huenda akaukataa kwa majuma mengi. Mtu mmoja na aushike, aushushe polepole, na mwingine amshawishi mbwa kwa chakula.

Wahenga walisema samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa utii wamesema kweli, lakini kwa kuruka sivyo. Mtoto wa mbwa afundishwe kuja aitwapo na kupenya handaki, ila viunzi virefu vingoje mifupa ikomae. Katika mashindano ya kimataifa mbwa hakubaliwi kabla ya kutimiza miezi 18.

Mazoezi yafanywe alfajiri au jioni, kwani mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu, bali hujipoza kwa kuhema. Awe amekwisha chanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na watoto wasiachwe naye peke yao. Dakika kumi zinatosha kwa siku. Yafaa kuacha wakati mbwa angali anataka kuendelea, akamimiwe maji, na kesho yake ndiye atakayekuwa wa kwanza kusimama penye matofali.